Kura ya wagonjwa: tuliyojifunza kwenye meza ya uandikishaji

Jaribio la tiba likiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye meza ndogo ya uandikishaji, kabla hata kidonge cha kwanza hakijamezwa. Ndiyo maana tukifika kituo kipya hatuanzi na orodha ya kura, yaani mgawo wa nasibu wa wagonjwa kwenye makundi ya tiba, iliyotoka kwenye kompyuta. Tunaanza na bahasha, ambazo kila moja ina herufi ya kundi la mgonjwa anayefuata. Tunachukua moja, tunaiweka juu ya tochi ya simu, kisha tunaiinua kwenye jua la dirishani. Herufi ya ndani ikionekana hata kivuli chake, boksi zima linarudi.

Sababu yake ni hii. Muuguzi amempokea mtoto dhaifu, viganja vimepauka. Bahasha ya juu ameshaichungulia na anajua ni ya tiba ya kawaida. Anasema, "Mama, leo tumefunga, njoo naye kesho asubuhi." Kesho bahasha ya juu itakuwa nyingine. Muuguzi huyo hana nia mbaya, ana huruma na anaamini dawa mpya itamfaa mtoto. Lakini likifanyika hilo mara kumi, watoto dhaifu wamejazana kundi la dawa mpya, na dawa itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Mwingine anaiogopa dawa mpya, basi atafanya kinyume chake, na dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Hakuna hesabu ya mwishoni inayoweza kulirekebisha jambo hili, kwa sababu kile alichokiona muuguzi kwa jicho lake hakikuandikwa kwenye fomu yoyote.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya, hata wenye shahada. Kutengeneza kura ni kazi ya mtakwimu na kompyuta yake. Kuificha kura ni kuhakikisha anayeandikisha hawezi kujua mgonjwa anayefuata ataangukia wapi. Kuficha dawa ni jambo la baadaye: mgonjwa na mtoa huduma wasijue kinachomezwa. La tatu haliwezekani kila mara, maana huwezi kumficha mtu kwamba amefanyiwa upasuaji. La pili linawezekana siku zote, na ndilo linalopuuzwa.

Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, lililijua hilo mapema. Wagonjwa walikuwa 107. Mtakwimu Bradford Hill aliandaa kura kutoka jedwali la namba za nasibu, kwa kila jinsia na kila kituo mbali, akaziweka ndani ya bahasha zilizofungwa. Kati ya 55 waliopewa dawa, 4 walifariki katika miezi sita. Kati ya 52 waliolazwa kitandani tu, walifariki 14. Matokeo hayo yaliaminika kwa kuwa hakuna daktari aliyeweza kuchagua nani aingie upande gani.

Kabla ya bahasha watu walitumia witiri na shufwa: mwenye namba ya faili witiri apate dawa hii, mwenye shufwa apate ile. Au Jumatatu kundi moja, Alkhamisi jingine. Bado tunaletewa mapendekezo ya namna hii, na kila mara tunayakataa. Mwandikishaji anaiona namba ya faili kabla hajamwita mgonjwa, kwa hiyo hakuna siri tena. Siku nazo hazifanani: anayekuja siku ya kliniki ya watoto si sawa na anayekuja siku nyingine, na anayetoka kisiwa kidogo kama Kojani hupanga safari yake kwa upepo na maji, hapangi kwa ratiba yetu.

Kurusha shilingi kwa kila mgonjwa ni njia safi, hakuna awezaye kuibashiri. Tatizo lake ni wagonjwa wachache. Kwa wagonjwa 20, uwezekano wa kupata 13 kwa 7 au mbaya zaidi ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya mara moja katika kila majaribio manne. Kwa wagonjwa 100, kufika 60 kwa 40 au zaidi ni kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo jaribio la maelfu ya watu halihitaji ufundi mwingi hapa. Jaribio la watu 40 linauhitaji.

Ufundi wa kwanza ni mafungu. Fungu la wanne lina A mbili na B mbili, na mipangilio yake ni sita tu: AABB, ABAB, ABBA, BBAA, BABA, BAAB. Kompyuta inachagua mmoja kwa nasibu, ukiisha inachagua mwingine. Kila wagonjwa wanne wakiingia, makundi yako sawa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kama dawa haifichiki na wauguzi wanajua fungu ni la wanne, mgonjwa wa nne anajulikana kila mara. Na mafungu mawili kati ya sita, AABB na BBAA, yanamfichua hata wa tatu. Ukipiga wastani, theluthi moja ya wagonjwa wako wanabashirika kwa uhakika kamili, na wengine wengi kwa kukisia vizuri. Dawa yake ni kuchanganya mafungu ya 4, 6 na 8 bila mpangilio, na kutoandika ukubwa wa mafungu kwenye nakala ya protokali, yaani mwongozo wa utafiti, inayokaa kituoni. Uandike kwenye waraka wa pembeni unaobaki kwa mtakwimu. Tumeona protokali nzuri zilizopita kamati ya maadili bila swali hata moja, na ukurasa wa tisa umeandikwa wazi kwamba mafungu ni ya wanne, na nakala imening'inizwa ukutani karibu na meza ya muuguzi.

Sasa bahasha zenyewe. Mtengenezaji asiwe miongoni mwa wanaoandikisha. Tunatumia bahasha nzito za kaki. Ndani tunaweka kadi yenye herufi, juu yake karatasi ya kaboni, na vyote tunavizungushia foili ya aluminiamu, ile ya jikoni. Foili inazuia tochi. Kaboni ina kazi nzuri zaidi: muuguzi anaandika juu ya bahasha namba ya mgonjwa, tarehe, saa na sahihi yake kabla ya kufungua, na maandishi yanapenya mpaka kwenye kadi ya ndani. Baadaye hakuna awezaye kudai bahasha ya 017 ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Kila kituo kina mfululizo wake, tuseme CH-001 kwa Chake Chake, WT-001 kwa Wete, MK-001 kwa Mkoani, na mdomo wa kila bahasha unapigwa sahihi kwa juu baada ya kufungwa.

Masika huharibu bahasha. Gundi hufumka yenyewe kwa unyevu, na bahasha iliyofumka haina siri, hata kama hakuna aliyeichungulia. Ziwekwe kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, si kwenye droo ya mbao. Na mtu aende kuzihesabu kila mwezi: zilizofunguliwa zilingane na walioandikishwa, kwa mfuatano, bila kurukwa hata moja. Namba ikirukwa, ulizia siku hiyo hiyo, watu bado wanakumbuka.

Mtandao ukiruhusu, kura kwa simu au kwa tableti ni bora kuliko bahasha, kwani mfumo hautoi jibu mpaka masharti yote yajazwe. Ila usiende bila akiba. Umeme na mnara vikizimika kwa pamoja, kituo kisicho na bahasha za dharura kitajitungia njia yake. Na kama dawa inafichika, usizipe chupa herufi A na B tu. Mtu mmoja akitambua kwa ladha au rangi ya choo kwamba A ndiyo yenye chuma, jaribio zima limefunuka kwa pigo moja. Tumia herufi nyingi, nne au nane kwa kila kundi, au bora zaidi ipe kila chupa namba yake ya pekee.

Mpangilio wa kazi mezani haubadiliki: kwanza ridhaa, pili masharti ya kuingia yakaguliwe, tatu vipimo vya mwanzo, nne jina liingie daftarini, na bahasha mwisho. Anayefungua bahasha kabla ya kupima damu atapima damu akiwa anajua kundi, na mkono wake utajua hata kama yeye hataki.

Jambo linalotusumbua zaidi ni matabaka, yaani kuwapanga wagonjwa kwa sifa zao na kulipa kila tabaka kura yake. Kila daktari ana kitu anachotaka kisawazishwe: kituo, umri, damu, malaria, umbali. Ukichukua vituo 4, rika 3 na malaria ndiyo au hapana, umeshapata matabaka 24. Kwa wagonjwa 120 hiyo ni wastani wa watano kwa kila tabaka. Kila tabaka lina mafungu yake, mengi yatabaki nusu, na mwisho wa siku usawa ulioutafuta umeupoteza. Shauri letu: kituo, pamoja na kitu kimoja kinachobadilisha sana matokeo. Mengine yasahihishwe kwenye uchambuzi.

Wakishikilia kwamba ni lazima visawazishwe vitu vinne au vitano na wagonjwa ni wachache, basi ipo njia ya kusawazisha, wenyewe wanaiita minimaizesheni. Taves aliiandika mwaka 1974, Pocock na Simon wakaipanua mwaka 1975. Tuichukue kwa mfano wa mtoto mmoja. Ametoka Wete, ana chini ya miaka miwili, hemoglobini yake iko chini ya gramu 8. Tazama walioingia tayari. Kundi A lina watoto wa Wete 4, wa chini ya miaka miwili 6, wenye damu hafifu 5, jumla 15. Kundi B lina 3, 4 na 5, jumla 12. Mtoto huyu akienda B atapunguza tofauti. Kwa hiyo kompyuta inampa B, lakini si kwa hakika: inampa kwa uwezekano wa asilimia 80, na asilimia 20 zinabaki kwa A. Hizo 20 msiziondoe. Bila ya hizo, mtu mwenye daftari la wagonjwa anaweza kupiga hesabu kama tuliyoipiga hapa na akajua jibu kabla ya mfumo. Mtoto huyo huyo anahesabika mara tatu, mara moja kwa kila sifa, na hakuna haja ya tabaka lenye sifa zote tatu kwa pamoja.

Kosa la kawaida hapa ni data ya mwanzo kuingizwa vibaya. Muuguzi akiandika 8.2 badala ya 7.2, mfumo umesawazisha kitu kisichokuwepo. Sahihisha data kwa ajili ya uchambuzi na kwa hesabu za wanaofuata, lakini kundi la mtoto libaki lile lile. Na chochote kilichotumika kugawa, kiwe kituo au umri au damu, lazima kiingie kwenye modeli ya uchambuzi. Ukikiacha, makundi yanafanana kuliko hesabu yako inavyodhani, na utaikosa tofauti iliyopo.

Visiwani kwetu maswali mengi hayagawiki kwa mtu mmoja mmoja. Ukiwapa nusu ya akina mama wa kliniki moja ujumbe wa simu wa kuwakumbusha mahudhurio, jioni nusu ya pili wameshasomewa. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2009 na 2010 kuhusu simu za mkononi na uzazi uligawa vituo vya afya 24, si akina mama 2,550 mmoja mmoja. Waliojifungua kwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 upande wa simu na 47 upande wa pili. Utafiti wa kutokomeza kichocho uligawa shehia 90 (maeneo madogo ya utawala, kila moja na sheha wake), 45 Unguja na 45 Pemba, katika makundi matatu: dawa peke yake, dawa na kuua konokono, dawa na elimu ya tabia. Konokono hawezi kuuliwa kwa nyumba moja tu.

Shehia ina gharama yake. Watu wa shehia moja wanafanana: wanakunywa maji yale yale, wanaumwa na mbu wale wale. Chukua watu 50 kwa kila shehia na kiwango cha kufanana cha 0.02 tu, kwa kipimo cha 0 mpaka 1, kidogo kweli kweli. Zidisha 49 kwa 0.02, ongeza 1, unapata 1.98. Maana yake unahitaji karibu watu mara mbili ya wale ambao ungewahitaji kwa kura ya mtu mmoja mmoja. Kuongeza watu ndani ya shehia ile ile hakusaidii sana, ongeza shehia.

Na shehia zikiwa chache, kura ya kawaida inaweza kukupa balaa: zote za ufukweni upande mmoja, zote zilizo mbali na bahari upande wa pili. Kwa shehia 12 zikigawiwa sita kwa sita, mipangilio yote ni 924. Tunaiandika yote kwenye kompyuta, tunatupa ile ambayo wastani wa umbali wa kituo, idadi ya watoto na kiwango cha ugonjwa vinatofautiana kupita kikomo tulichokiandika mapema. Tuseme tunabakiza mipangilio 200, tunaipa namba 000 mpaka 199. Kabla ya kupiga kura tunakagua kitu kimoja zaidi: isije ikawa shehia mbili fulani ziko pamoja katika mipangilio yote, au haziko pamoja hata mara moja. Ikiwa hivyo, masharti yamebana mno, yalegezwe. Kisha kura inapigwa hadharani mbele ya masheha, vipira vitatu kutoka bakuli tatu. Bakuli la kwanza lina 0 na 1 tu. Namba ikitoka, kila mmoja ameiona, na manung'uniko ya "kwa nini kwao na si kwetu" yanapungua sana.

Watu waandikishwe kabla ya kura ya shehia. Ukipiga kura kwanza, shehia inayojua itapata dawa itakuletea wagonjwa, na ile nyingine itakuletea wachache. Hapo bahasha haina la kufanya.

Kuna njia zinazobadilisha uwiano kadiri matokeo yanavyoingia, ili wengi zaidi wapate tiba inayoonekana bora. Wazo ni la Thompson, 1933, na Zelen akalirudia mwaka 1969. Linavutia, lakini tunalikubali kwa nadra. Mwaka 1985 Marekani ilichapisha jaribio la mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupata oksijeni, lililotumia chungu cha mipira: mpira unaotoka ndio unaochagua tiba, na tiba ikifaulu mipira yake inaongezwa. Walikuwa watoto 12: 11 walipata mashine, wote wakaishi; mmoja alipata tiba ya kawaida, akafariki. Ushahidi wa kulinganisha ukabaki juu ya mtoto mmoja. Mabishano hayakuisha mpaka jaribio la Uingereza la mwaka 1996, kwa mgawo wa kawaida, watoto 185: vifo 30 kati ya 93 waliopelekwa kwenye mashine, 54 kati ya 92 upande wa pili. Kwa kazi za minyoo Pemba njia hii ina tatizo jepesi zaidi: choo kinapimwa tena wiki mbili au tatu baada ya dawa, na uandikishaji wa skuli umeshakwisha zamani. Jaribio la Pemba la mwaka 2014 la dawa za minyoo oksanteli pamoeti na albendazoli, watoto 480 katika makundi manne, halikuhitaji ujanja huo. Oksanteli na albendazoli kwa pamoja ziliponya trikurisi, aina ya minyoo ya tumbo, kwa asilimia 31.2, albendazoli peke yake 2.6. Tofauti kama hiyo kura ya kawaida inaionyesha vizuri.

Maneno ya kumweleza mzazi yana uzito kama hesabu. Usiseme "bahati nasibu". Watu wanasikia kamari, na wana haki ya kukasirika. Usiseme "dawa bandia" ukimaanisha plasebo, wanasikia dawa feki ya dukani. Sema kidonge kisicho na dawa. Tunachokitumia sisi ni upatu. Kila mama anaujua: majina kwenye vikaratasi, vikaratasi ndani ya bakuli, anatoa mtoto mdogo, na hakuna anayelalamika zamu yake ikija mwisho kwa sababu hakuna aliyeona ndani. Mwambie pia kwamba hatujui dawa ipi ni bora, na kwamba kama tungejua tusingepiga kura. Hilo liwe kweli unapolisema. Kwenye jaribio la chuma na zinki hapa Pemba, lililochapishwa mwaka 2006, watoto 24,076 waligawiwa makundi matatu: 7,950 chuma na asidi ya foliki, 8,120 hivyo hivyo pamoja na zinki, na 8,006 plasebo. Wengi walitarajia chuma kingewaokoa. Makundi yaliyopewa chuma na asidi ya foliki yalisimamishwa Agosti 2003, na ikaonekana watoto hao walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa. Bila kundi la plasebo, vifo hivyo vingehesabiwa kuwa ni malaria ya kila mwaka.

Makosa yatatokea hata kituo kikiwa kizuri namna gani. Bahasha ya 023 inafunguliwa kabla ya 022. Mtoto anaingizwa, kisha jioni majibu ya maabara yanaonyesha hakustahili. Mama anaondoka na chupa ya mwenzake. Kila mara mtu wa kwanza kugundua anataka kusawazisha: ampe mgonjwa anayefuata kundi lililorukwa, ili hesabu ilingane. Asifanye hivyo. Bahasha iliyofunguliwa ni ya aliyefunguliwa. Anayefuata anachukua ya chini kabisa ambayo haijafunguliwa. Mgonjwa anachambuliwa katika kundi alilogawiwa, hata akimeza nyingine. Kwenye daftari la makosa inaandikwa tarehe, saa, namba ya bahasha, kilichotokea kwa sentensi mbili, na nani ameambiwa. Kwa wino, na hakuna ukurasa unaochanwa.